Hana Hata Baiskeli: Gari katika Insha za Wanafunzi Wetu

Mwishoni mwa mwaka 2022, nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari huku kusini mwa Bujumbura, niliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Maisha yangu baada ya miaka kumi". Nilizibeba zote hadi nyumbani Ruziba, nikazisahihisha usiku mmoja kwa mwanga wa simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Karibu kila insha ilikuwa na gari. Mwandishi alisoma, akapata kazi, akajenga, akaoa au akaolewa, akanunua gari. Gari lenyewe halikwenda popote. Liliegeshwa mbele ya nyumba katika aya ya mwisho, na hapo insha ikaisha.

Moja tu ilishika njia nyingine. Mvulana wa benchi la nyuma aliandika kwamba baada ya miaka kumi atakuwa na baiskeli mbili, moja yake na moja ya mdogo wake, na kwamba watakuwa wakichukua mikeke ziwani alfajiri (ndugu zetu wa Kigoma humwita samaki huyo mgebuka) na kuipeleka sokoni Cotebu kabla jua halijawaka. Alieleza jinsi kikapu kinavyofungwa kwa mpira wa tairi kuukuu ili kisiyumbe. Alieleza kwa nini samaki hufunikwa kwa majani mabichi. Nilimpa alama 9 kwa 20, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Ndoto yako ni ndogo mno." Wenye magari walipata 13 na 14.

Uhakiki huu naundika dhidi ya alama ile.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo tunayoisomea. Mtaani husemwa kwamba fulani "hana hata baiskeli". Kazi yote katika sentensi hiyo inafanywa na "hata". Inaiweka baiskeli kwenye ngazi ya chini kabisa, na chini ya ngazi hiyo yuko mwenda kwa miguu, ambaye hana neno lake isipokuwa la huruma: "Masikini, amekuja kwa miguu." Lakini "ana gari" ni sentensi iliyotimia. Hakuna anayeuliza ni gari gani, linakwenda wapi, wala kama lina mafuta. Wanafunzi wangu waliandika "gari yangu" na mimi nikawasahihisha kwa bidii, "gari langu", nikiridhika kwamba nimefanya kazi ya mwalimu. Upatanisho niliurekebisha, wazo nikaliacha lipite.

Na neno lenyewe halikuzaliwa na maana hiyo finyu. Gari lilitufikia kutoka Kihindi, nalo kwa Kiswahili lilikuwa chombo chochote cha magurudumu: gari la ng'ombe, gari la moshi, gari la kukokota. Wanyarwanda, majirani zetu, baiskeli huiita igare, na sikio lolote la Mswahili linatambua undugu hapo. Tena lugha hiihii iliwahi kuwacheka wenye magari: nchini Kenya na Tanzania matajiri waliopanda Mercedes-Benz waliitwa wabenzi, kana kwamba ni kabila. Kejeli hiyo sikuiona katika insha hata moja. Sisi tumebaki na kutamani tu.

Sasa tutazame barabara yenyewe. Kutoka Ruziba hadi katikati ya jiji ni kilomita kama 10 kwa barabara ya Rumonge. Machi 2022 serikali ilizipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya jiji. Mwaka huohuo mafuta yakaadimika, mabasi yakapungua, na jioni watu wakajaa kando ya barabara, viatu mkononi, wakirudi Kanyosha na Ruziba kwa miguu. Wanafunzi wangu walikuwa miongoni mwao. Mimi pia. Tulitembea pamoja, kisha tukaketi tukaandika na kusahihisha insha ambazo ndani yake hakuna anayetembea.

Kuna atakayesema kwamba ndiyo maana waliota gari: aliyechoka huota kiti. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Mama yangu alipelekwa kujifungua usiku wa manane kwa gari la jirani. Kwa miguu asingefika. Ila jirani huyohuyo, mafuta yalipoadimika, alilala siku mbili ndani ya gari hilo kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Siku ya tatu alirudi kwa miguu kubadili shati, akamwacha mwanawe alinde nafasi. Gari lake lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa, kama katika insha.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna aliyeota basi. Si mmoja. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, yakapewa njia yao peke yao. Kigali, mwaka huohuo, wakaanza kuwa na siku ambayo barabara kadhaa hufungiwa magari ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Kwa hiyo si jambo lisilofikirika katika eneo letu. Lakini insha ya "maisha yangu" humfundisha mtoto kuota peke yake, na basi haliwezi kuotwa na mtu mmoja. Kichwa kile nilikitunga mimi. Laiti ningeandika "maisha yetu", labda ningesoma mambo mengine.

Narudi kwa yule mvulana, nami nisimpambe. Insha yake ina kasoro: tahajia mbaya, aya moja ndefu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mdogo wake anatoweka katikati bila maelezo. Kasoro kubwa hata hivyo sikuigusa. Cotebu iko kaskazini ya jiji, ziwa analoliandika liko huku kwetu kusini, na katikati baiskeli zilikuwa zimekatazwa. Mtu anayejua kufunga kikapu namna ile hawezi kuwa hajui hilo; amelinyamazia. Badala ya sentensi yangu ya wino mwekundu, nilipaswa kumwuliza swali moja pembeni: "Utapitia wapi?"