Lancaster ya Wafugaji wa Kuku

Katika kijiji cha East Kirkby, eneo la Lincolnshire nchini Uingereza, ipo ndege ya kivita ambayo haijapaa kwa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo, injini zake nne aina ya Merlin bado huwashwa mbele ya watu, moja baada ya nyingine. Kila moja hukohoa moshi, hutikisa bawa zima, kisha hutulia na kunguruma. Baada ya hapo ndege hutembezwa uwanjani ikiwa na wageni tumboni. Ni Lancaster namba NX611, ijulikanayo kwa jina la Just Jane.

Walioiokoa hawakuwa majenerali wala matajiri wa mjini. Fred na Harold Panton walikuwa wafugaji wa kuku. Kaka yao Christopher, kijana wa miaka 19, alikuwa mhandisi katika ndege ya Halifax iliyotunguliwa usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944. Usiku ule Waingereza walituma ndege 795 kuupiga mji wa Nuremberg, na 95 hazikurudi. Familia ilibaki na pengo lisilozibika. Mwaka 1983 ndugu hao wawili waliinunua NX611, wakaja kuiweka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga ambao sehemu yake ilikuwa shamba lao la kuku. Wakati wa vita, vikosi vya 57 na 630 viliondokea hapo hapo kwenda Ujerumani.

Lancaster ziliundwa 7,377. Zinazoruka leo ni mbili tu, moja Uingereza na nyingine Canada. Just Jane yenyewe ilitoka kiwandani mwaka 1945 ikiandaliwa kwa vita dhidi ya Japani, lakini vita vikaisha kabla haijatumwa. Baadaye ililinda bahari chini ya jeshi la majini la Ufaransa, hadi huko New Caledonia. Kwa hiyo haikudondosha bomu hata moja vitani, na hilo haliipunguzii thamani.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Bati la nje la Lancaster limeshikiliwa na ribiti maelfu kwa maelfu. Alumini haifanyi kutu nyekundu kama chuma. Huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe, nao hupenda kujificha pale bati linapokutana na mbavu za ndege, huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Fundi analazimika kukwangua rangi yote ndipo aione hali halisi. Ribiti mbovu hutobolewa kichwa kwa keekee, kwa mkono mwepesi, maana tundu likipanuka kazi imeongezeka. Ribiti mpya hupigwa na watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwenzake yuko ndani amejikunja, ameukandamiza mkia wa ribiti kwa kipande cha chuma kizito. Bati limewatenga, hawaonani. Huyu wa ndani akilegeza mkono kidogo tu, mkia hulala kombo, na ribiti hiyo itang'olewa ianzwe upya. Kazi hii hufanywa majira ya baridi, sehemu moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka, kwa lengo la kuirudisha ndege angani siku moja.

Jasho hilo lina faida gani kwa umma? Jibu liko ndani ya ndege. Mgeni anayetaka kwenda mbele hukuta boriti kuu ya mabawa imekatiza njia, naye hana budi kuipanda kwa mikono na magoti. Vijana walioketi mbele katika Lancaster za vita waliipita boriti kama ile wakiwa wamevaa mavazi mazito ya baridi, gizani, wakati mwingine ndege ikiwaka moto. Huko mkiani, kibanda cha mpiga bunduki ni chembamba kiasi kwamba parachuti yake ilihifadhiwa nje ya mlango, nyuma yake. Kitabu kinaweza kutaja kwamba askari 55,573 wa kikosi cha ndege za mabomu walikufa. Lakini mtu aliyekwaruza goti kwenye boriti ile ameelewa kwa nini ilikuwa vigumu kutoka.

Historia hii ina upande wa pili, na haifai kuuruka. Ndege za aina hii ziliteketeza Hamburg mwezi Julai 1943, na maelfu ya raia wakafa. Kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mjini Lincoln mwaka 2018 kimeandika majina ya wanahewa karibu 58,000 ukutani, na ndani yake simulizi za waliokuwa chini ya mabomu nazo zina nafasi. Huo ni uungwana.

Afrika Mashariki nayo imo katika habari ya ndege za vita hivyo. Mwaka 1944 askari wa Keya, yaani Waafrika Mashariki waliotumikia jeshi la Uingereza, wakiwa katika Divisheni ya 11, waliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua za monsuni. Barabara ziligeuka matope, na chakula na risasi vikawa vinadondoshwa kutoka angani. Ndege iliyofanya sehemu kubwa ya kazi kama hiyo ni Dakota, na Kikosi cha Kumbukumbu cha Jeshi la Anga la Uingereza bado kinarusha moja. Mjukuu wa askari wa Keya anayeisikia injini yake anasikia mlio ambao babu yake aliungoja akiwa na njaa.

Kuzirusha ndege hizi za kale kuna gharama isiyo ya fedha. Novemba 2022, ndege mbili za enzi hizo ziligongana angani kwenye maonyesho mjini Dallas, Marekani, wakafa watu sita. Kwa sababu hiyo East Kirkby inastahili sifa ya pekee hata leo, kabla Just Jane haijapaa. Ndege inayopita juu hutazamwa kwa dakika chache kisha ikatoweka. Hii ya ardhini humpa mwanafunzi nafasi ya kuingia, kuketi kwenye meza ya mwelekezi wa njia, na kumuuliza fundi kwa nini pale palikuwa na pazia. Fundi atamjibu kwamba pazia lilizuia mwanga wa taa ya mwelekezi usionekane na adui, kisha atampisha mtoto anayefuata.