Nakala Moja ya Selimundu: Usalama Wake Ulipimwaje?

Katika vibanda vya Kenyatta Market, Nairobi, mteja mmoja husukwa na wasusi wawili au watatu kwa mpigo huku moshi wa nyama choma ukipenya vichochoroni. Benchi moja linaweza kuwakutanisha mzaliwa wa Siaya, wa Kilifi na wa Nyeri. Uwezekano wa kila mmoja wao kubeba jeni ya selimundu haulingani. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na makao makuu ya taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI hayako mbali na hapo, na anayetoka maabara akiwa na majibu ya nakala moja huwa na swali moja: je, itanidhuru?

Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015, ambao maabara nyingi duniani huufuata, una kanuni nyepesi: badiliko la jeni likizidi asilimia 5 ya nakala zote katika jamii, lihesabiwe kuwa halina madhara. Hoja yake ni kwamba ugonjwa mkali wa kurithi hauwezi kuenea kiasi hicho. Kanuni hii ina faida kubwa. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa Wamarekani weusi kadhaa walikuwa wameambiwa wana jeni ya ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida miongoni mwa watu weusi. Ulinganisho wa mwanzo ulikuwa umeegemea mno watu weupe.

Sasa ipeleke kanuni hiyo Kilifi. Zaidi ya watoto wachanga 15,000 walipopimwa huko, takriban asilimia 18 walikuwa na nakala moja ya selimundu na asilimia 0.8 walikuwa nazo mbili. Kila mtoto ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Kwa hiyo katika watoto 100 zipo nakala 200, na karibu 20 kati yake ni za selimundu. Hiyo ni asilimia 10, maradufu ya kiwango cha kanuni. Jeni inayoua watoto wenye nakala mbili ingepewa cheti cha usalama! Ndiyo maana hapa kanuni huwekwa kando, na nakala moja hupimwa peke yake.

Miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchini akipima damu, akakuta selimundu imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya watoto 290 wa Uganda: wenye nakala moja walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasio nayo, walikutwa navyo 113. Aliwaambukiza pia malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa jamii ya Waluo, jambo ambalo leo kamati ya maadili ingelikataa, na ingekuwa na haki.

Hata hivyo, kinga dhidi ya malaria si ushahidi kwamba hakuna madhara mengine. Mtafiti Thomas Williams na wenzake wa Kilifi walilishughulikia pengo hilo vizuri zaidi. Badala ya kutazama wagonjwa waliokwisha kufika wodini tu, waliwafuatilia watoto wa eneo moja majumbani na hospitalini, wenye nakala na wasio nayo, wakahesabu malaria pamoja na maradhi mengine. Matokeo yao ya mwaka 2005: malaria ya kawaida ilipungua kwa nusu hivi, ile kali kwa karibu asilimia 90, na kinga hiyo ilikuwa mahususi kwa malaria.

Hao walikuwa watoto. Kuhusu watu wazima, ushahidi mzito ulitoka Marekani. Utafiti wa mwaka 1987 ulizua hofu kwa kuonyesha kuwa makuruta wenye nakala moja walikufa ghafla mazoezini mara nyingi zaidi ya wenzao. Mwaka 2016 wanajeshi weusi 47,944 walichunguzwa, katika jeshi ambalo sasa lilisisitiza maji na mapumziko: vifo havikuzidi, ila hatari ya misuli kuvunjika kwa mazoezi makali iliongezeka kwa asilimia 54. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 uliihusisha nakala moja na ugonjwa sugu wa figo.

Kwa hiyo mwenye nakala moja si mgonjwa, lakini neno “salama” linahitaji masharti. Nairobi, iliyo juu na yenye malaria kidogo, haimpi faida ambayo angeipata Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali figo na misuli yake ni ile ile. Akioana na mwenye nakala kama yake, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mwenye nakala mbili. Na kipimo cha haraka cha selimundu kinachoonyesha tu kwamba jeni ipo hakitoshi. Anayetaka kujua kama ana nakala moja au mbili aombe kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, na majibu yaandikwe wazi: AS (nakala moja) au SS (nakala mbili).