Mpango wa Safari Utazamwe Maungio

Mipango ya safari ndefu za gharama nafuu siku hizi haina uhaba. Watu wanatumiana kwenye simu: Dar es Salaam hadi Maporomoko ya Victoria kupitia Zambia, kisha Zimbabwe, kipande kifupi cha Msumbiji, Malawi, na kurudi nyumbani kwa Kasumulu na Mbeya. Nchi tano, mabasi na treni, na chini kabisa jumla ya fedha imepigiwa mistari miwili. Msomaji huikimbilia ile jumla, na hapo ndipo anapopotea. Jumla ndogo yeyote anaweza kuiandika. Inatosha kuokota nauli ya chini ya kila kipande na kuzijumlisha. Anayejua samani akiletewa kiti hahangaiki na rangi, hukipindua akatazama maungio ya miguu. Mpango wa safari nao utazamwe vivyo hivyo: pale treni inapokuacha na basi linapotakiwa kukupokea, pale nchi moja inapoishia na nyingine kuanza. Hoja yangu ni kwamba mpango mzuri wa bei nafuu ni ule unaobaki nafuu hata kitu kimoja kikiharibika, na mambo ya safari mara nyingi huharibikia kwenye maungio.

Chukua kipande cha kwanza. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Kwenye karatasi hakuna njia tamu kuliko hiyo: unalala kitandani, unapita katikati ya wanyama wa porini bila kulipa kiingilio, na malazi ya siku mbili unayaokoa. Lakini treni hii inajulikana kwa kuchelewa, tena si kwa dakika, na vimekuwapo vipindi ambapo huduma ya abiria ilisimama kabisa. Kwa hiyo kuikuta treni kwenye mpango hakuniambii kitu. Ninachotafuta ni kilichoandikwa baada yake. Mpango mbovu unasema shuka Kapiri Mposhi mchana, panda basi, lala Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na Maporomoko ya Victoria. Aliyeuandika hajui kwamba kituo cha TAZARA na kile cha Reli ya Zambia pale Kapiri ni viwili tofauti, wala kwamba Lusaka yenyewe bado iko kilomita 200 hivi kusini, na Livingstone karibu 500 nyingine mbele ya Lusaka. Treni ikiingia usiku wa manane, abiria mwenye mabegi anaangukia mikononi mwa wenye teksi, ambao wanajua fika kwamba hana pa kwenda. Nauli aliyookoa kwa safari nzima inaweza kuishia hapo hapo nje ya kituo.

Mpango wa mtu anayejua kazi huacha siku nzima tupu baada ya treni. Huonyesha mahali pa kulala Kapiri, hata kama hapatatumika, na pembeni huweka njia ya pili: basi kutoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Tunduma, iwapo treni haitembei wiki hiyo. Tena haukati tiketi ya mbele ya Lusaka mapema. Tiketi iliyolipiwa kabla, ya basi lisilongoja mtu, ni deni unalojiwekea mwenyewe.

Wapo watakaosema siku tupu ni anasa ya mwenye likizo ndefu, na kwamba mtu mwenye majuma mawili tu hawezi kukaa akitazama dari ya gesti. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaelekea mahali pasipo sahihi. Muda ukiwa mfupi, kinachopunguzwa ni nchi, si siku tupu. Dar, Lusaka, Livingstone na kurudi kwa njia ile ile ni safari kamili. Nchi tano kwa majuma mawili bila nafasi ya kupumua ni mfululizo wa stendi, na basi moja likiharibika njiani kule Mpika, Zambia, yote yanayofuata yanavunjika kwa zamu. Ukiona mpango unajivunia idadi ya nchi, anza kuutilia shaka.

Mipaka ndiyo maungio yenyewe. Mzunguko huu una mipaka mitano, yaani mihuri kumi ya kutoka na kuingia, na mpango makini huhesabu kurasa zilizobaki kwenye pasipoti kabla ya kuhesabu fedha. Mtanzania haombi viza katika nchi hizi, jambo linalowafanya wengi wadhani hakuna la kuandaa. Kadi ya homa ya manjano husahaulika, ingawa tangu 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, mradi ichomwe siku kumi kabla ya safari. Halafu kuna saa. Ukivuka Tunduma kuingia Nakonde unarudi nyuma saa moja, na nchi zote nne za mbele zinafuata saa hiyo hadi unaporudi Kasumulu, ambako unaipoteza. Basi la Mbeya linaloondoka saa moja asubuhi, kwa simu ambayo bado inasoma saa za Malawi, ni saa kumi na mbili. Mtu anakunywa chai yake taratibu huku gari limeshaondoka. Mpango unaotaja saa bila kusema ni saa za upande gani haujafanyiwa kazi.

Je, basi la moja kwa moja si lingemaliza matatizo haya? Kwa sehemu, ndiyo. Anayesafiri na watoto au mizigo alichague bila kuona haya. Ila ajue kwamba basi hilo humngoja abiria wa mwisho kumalizana na forodha, na kama humo ndani kuna wafanyabiashara wenye marobota, mwenye begi moja atakaa juani kwa ajili yao. Anayevuka kwa miguu na kupanda basi la ndani upande wa pili mara nyingi hulipa kidogo zaidi, na yeye ndiye mwenye saa yake. Faida hiyo hupotea akifika mpakani usiku. Ndiyo maana saa ya kufika mpakani inaniambia mengi kuliko nauli.

Fedha ni jambo fupi. Kwacha ya Zambia na kwacha ya Malawi zisichanganywe. Ya Zambia ina thamani kubwa mara nyingi zaidi, na wabadilishaji wa mpakani wanamjua asiyejua. Badilisha ya kukufikisha mjini tu. Zimbabwe ilianzisha sarafu ya ZiG mwezi Aprili 2024, lakini dola inaendelea kutumika, na noti ndogo safi za dola moja na tano ni mali kuliko mia moja moja. Kwa kipande cha Harare hadi Blantyre kinachopita Tete na kuingia Malawi kwa mpaka wa Mwanza (si Mwanza yetu ya ziwani), weka akiba ya ziada, kwa sababu Malawi imepita vipindi vya uhaba mkali wa mafuta miaka ya karibuni na mabasi huathirika.

Msimu nao ni ungio, ingawa wachache huuona hivyo. Mto Zambezi, wenye maporomoko yale, hujaa kati ya Machi na Mei. Kufikia Oktoba na Novemba maji huwa kidogo kiasi kwamba upande wa Zambia unaweza kutazama ukuta mrefu wa mwamba mkavu, wakati upande wa Zimbabwe maji bado yanaanguka. Mpango unaokufikisha Livingstone Oktoba na kukata siku ya kuvuka daraja kwenda upande wa Zimbabwe ili kuokoa fedha umekusafirisha zaidi ya kilomita elfu mbili kuangalia mawe.

Na wale wanaosema safari ya kweli haipangwi? Ukiwachunguza, wengi wana moja kati ya mawili: wameshaipita njia ile, au wana kadi ya benki ya kuwaokoa. Mwenye fedha kidogo hana uhuru huo, na kumwambia ajiachie ni kumshauri vibaya.

Kwa hiyo ukiwekewa mipango miwili ya njia hii, mmoja wa bei ya chini usio na siku tupu hata moja, na mwingine uliozidi kwa gharama ya siku mbili za gesti, chukua wa pili. Na kabla hujalipa senti yoyote, uliza kituo cha TAZARA kama treni ya wiki hiyo ipo.