Kufunga Mguu Wenye Kidonda

Katika chumba cha kufungia vidonda, kazi haianzi na kidonda. Mama lishe anayesimama jikoni tangu alfajiri amekaa kitandani, mguu wake wa kushoto umefunikwa kwa kitenge. Muuguzi anavuta kigoda na kukaa chini kuliko mgonjwa wake. "Shikamoo mama." "Marahaba, Sista. Jana kimeniachia nikalala." "Afadhali," anaitikia, huku macho yake yakiwa kwenye vidole vya mguu.

Anaanza kwa kushika. Kiganja kinashuka toka gotini hadi unyayoni kupima joto, kisha vidole viwili vinatulia juu ya wayo kutafuta mapigo. Kidonda kiko juu ya kifundo, upande wa ndani: kipana, hakina kina, na ngozi inayokizunguka imekuwa ya kahawia na ngumu. Ni alama za vena ambazo vali zake zimelegea. Damu inayopaswa kupanda kurudi moyoni inatuama chini, mguu unavimba, ngozi inadhoofika na kupasuka. Kidonda cha ateri huwa na sura nyingine. Mara nyingi hukaa vidoleni au kisiginoni, mguu huwa wa baridi, na maumivu humwamsha mgonjwa usiku mpaka auning'inize mguu nje ya kitanda.

Sura peke yake haimtoshi. Mama analala chali dakika 10 ili mwili utulie. Muuguzi anamfunga mkanda wa kipimo cha presha mkononi, anapaka jeli, anaelekeza kwa mshazari kichwa cha dopla, kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu, mpaka mapigo yasikike. Anajaza upepo hadi sauti ikatike, anauachia polepole, na sauti inaporudi anaandika namba. Mikono yote miwili, kisha kifundo. Mkono uliozidi una 130, kifundo kina 136. Anagawa cha kifundo kwa cha mkono: 1.05. Ingekuwa chini ya 0.8, asingethubutu kukaza bandeji kikamilifu, maana angeunyima damu mguu ambao tayari una uhaba wa damu.

Sasa ndipo maji yanapokuja. Ndoo imewekewa mfuko safi wa plastiki, maji ni ya uvuguvugu. Anaosha mguu mzima, anabandua magamba makavu kwa chachi, anakausha katikati ya vidole kimoja kimoja, anapaka mafuta yasiyo na manukato. Juu ya kidonda anaweka karatasi ya plastiki angavu na kufuatisha ukingo kwa kalamu, aje alinganishe na michoro ya nyuma. Kisha anakifunika kwa chachi isiyonata.

Pamba ya kuviringisha inatangulia. Anajaza mabonde ya nyuma ya kifundo na kuukinga mfupa wa muundi, ili bandeji isichimbe. Wayo umesimama wima, pembe mraba na mguu. Bandeji ya kuvutika inaanzia kwenye shina la vidole, inazunguka mara mbili, inafunika kisigino chote, halafu inapanda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia kama makuti yanavyolaliana juu ya paa. Anakoma vidole viwili chini ya goti.

Nilitazama mkono wake wa kuvuta: nguvu ni ileile mwanzo hadi mwisho. Haongezi kifundoni wala hapunguzi kwenye shavu la mguu. Kwa kuwa kifundo ni chembamba, mvuto uleule hukibana zaidi, takriban milimita 40 za zebaki, na mbano hupungua kadiri mguu unavyonenepa. Hivyo damu husukumwa juu.

Mwisho anabonyeza kucha ya kidole gumba na kungoja wekundu urudi. "Tembea kidogo, mama. Kuna ganzi?" Hakuna. Anamweleza: tembea kila siku, ukikaa inua miguu, vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi rudi hapa mara moja.

Michoro ya plastiki kwenye faili lake inaonyesha kidonda kikipungua wiki hadi wiki. Nawe ukiwa na kidonda mguuni kisichofunga baada ya wiki mbili, usijikazie bandeji nyumbani. Nenda kituo cha afya, na uombe mapigo ya mguu yapimwe kwanza.