PISHI YA KUNUNULIA NA PISHI YA KUUZIA



Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya watu ambao wakipimiwa hutaka pishi ijae, na wakipima wao hupunja. Sisi walimu huifasiri kwa muuza mchele na muuza mafuta, kisha tukafunga msahafu. Lakini ulimi nao ni pishi, na kura ni pishi. Tutazame basi tunavyopima kila ufikapo uchaguzi, pale liulizwapo swali: "Huyu mgombea ni mtu wa wapi?"

Februari 2018 Kinondoni palifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge. Chadema ilimsimamisha Salum Mwalimu, Mzanzibari. CCM ilimsimamisha Maulid Mtulia, aliyelipata jimbo hilo hilo mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF, akajiuzulu, akahamia CCM. Barazani tulisikia mengi: Mzanzibari atajua nini shida za Kinondoni? Na waliosema hivyo, wengine wao ni juzi tu wamehamia hapo. Nikawauliza: Dk. Hussein Mwinyi alipochukua ubunge wa Mkuranga mwaka 2000, mbona hamkumwita Mzanzibari? Wakanijibu kuwa babake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alizaliwa huko. Kweli, alizaliwa Kivure, Mkuranga, mwaka 1925.

Wala usidhani upande wa pili walikuwa safi. Mwaka 2020 Dk. Mwinyi aliposimama kugombea urais wa Zanzibar, wako waliochukizwa na neno "mgeni" lililosemwa Kinondoni, nao wakamwita yeye mtu wa Mkuranga. Tazama insafu iko wapi! Asili ile ile ilikuwa haki mwaka 2000 na ikawa ila mwaka 2020, na kila upande ukageuza pishi kwa haja yake.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisimama Jimbo la Mashariki akamshinda Patrick Kunambi, mwenyeji wa Uluguru. Mwaka 1996 marehemu Augustino Mrema, mtu wa Kilimanjaro, alichaguliwa na watu wa Temeke kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Na mji wetu wenyewe uliasisiwa katika miaka ya 1860 na Sayyid Majid bin Said, aliyetoka Unguja, kando ya kijiji cha Mzizima. Ukiwatoa wakuja, utabaki na nani?

Sheria nayo ina pishi zake. Ibara ya 67 ya Katiba ya Muungano haimlazimishi mgombea ubunge kuwa mkaazi wa jimbo. Lakini kule Zanzibar sheria ya uchaguzi imemtaka mpiga kura athibitishe kuwa amekaa jimboni miezi 36. Anayeomba kuongoza haulizwi alikolala. Anayechagua ndiye aulizwaye.

Sasa tumsikilize Mtume wetu (s.a.w.). Katika safari ya Banu Mustalik, Muhajiri mmoja na Ansari mmoja waligombana kisimani, kila mmoja akawaita watu wake. Mtume akaukemea wito huo kuwa ni wa kijahilia, wenye kunuka. Na aliyeushika ili Muhajirina watolewe Madina ni Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki. Mtume mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Makka, na watu wa Madina ndio waliompa mkono kule Akaba kabla hajahamia kwao. Hawakumpima kwa alikozaliwa. Walimpima kwa uaminifu wake.

Hivyo basi tusiulize kitu? La, hasha. Wenye nyumba Hananasif na Magomeni Suna wanayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, hata watu wakahamishiwa Mabwepande. Mtu kama huyo ana haki ya kumwuliza mgombea: Je, unalijua bonde la Msimbazi? Maji yakiingia ndani, nitakupata wapi? Swali hili ni halali, kwa sharti moja: aulizwe kila mtu. Aulizwe mgeni, na aulizwe aliyezaliwa Kinondoni akahamia mbali na mashaka yetu, akarudi na kanga na fulana mwaka wa uchaguzi. Aulizwe na mwenye jina la Kiislamu vile vile, maana hapo ndipo sisi tunapopunja zaidi.

Ndugu yangu, ukimsikia mtu barazani akisema "si wa hapa", mwulize kwa upole: na wa kwako aliposimama kwengine, ulisema nini? Kisha rudi nyumbani ujiulize na wewe. Watoto wetu wanatusikiliza, na mizani wanayoiona kwetu ndiyo watakayoishika.

Wabillahi tawfiq.