Pilipili ya Chupa: Ladha Iko Wapi?

Kapsaisini, kemikali inayofanya pilipili iwashe, haina harufu na haina ladha ya kutajika. Kazi yake ni kuamsha neva zilezile zinazotujulisha kwamba chai ni ya moto. Kipimo alichobuni mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912 hupima muwasho huo tu. Kwa hiyo anayenunua chupa kwa kufuata namba ya Scoville, au picha ya fuvu kwenye lebo, bado hajajua amenunua ladha gani.

Tazama Tabasco, inayotengenezwa Louisiana tangu 1868. Kwa Scoville haifiki hata 10,000, wakati pilipili mbuzi huweza kupita 100,000. Viungo vyake ni vitatu tu: siki, pilipili nyekundu na chumvi. Siri iko kwenye muda. Pilipili husagwa na chumvi, hutiwa katika mapipa ya mwaloni na kuachwa ichachuke hadi miaka mitatu, kisha huchanganywa na siki na kuchujwa maganda na mbegu. Ule ukakasi wenye harufu nzito kidogo umetokana na uchachu na mbao. Ukiuharakisha huupati.

Pilipili mbuzi inataka kinyume chake. Utajiri wake ni harufu ile ya matunda, na harufu hiyo hupeperuka na mvuke. Ukiichemsha muda mrefu na nyanya na siki nyingi, unabaki na moto mtupu. Wanaoisaga mbichi kwa ndimu, chumvi na karoti kidogo ya kuituliza wanajua wanachofanya, ingawa sosi yao haikai sana.

Basi dukani geuza chupa. Viungo huorodheshwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Maji na sukari vikiwa mbele ya pilipili, unanunua sharubati. Ukiona kapsaisini iliyokamuliwa imeongezwa, irudishe: mtengenezaji ameongeza ukali pembeni, na kwangu mimi huacha uchungu kama wa dawa. Nyumbani inuse kwanza, kisha ionje juu ya wali mweupe au yai la kuchemsha. Kijiko kitupu hudanganya, na ulimi ukishawaka hautofautishi tena kitunguu saumu na ukwaju.

Hata chupa nzuri ina mahali pake. Tabasco kwenye yai la kukaanga, sawa kabisa. Kwenye samaki wa nazi siitii, siki inagombana na tui. Hapo wapishi wa pwani huacha pilipili mbuzi nzima, isiyopasuka, ielee ndani ya mchuzi unaotokota. Kapsaisini imejaa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki humo ndani huku harufu ikitoka. Anayetaka moto ataipasua kwenye sahani yake.