Kosa la Vijiji Themanini

Wasomaji walioufuatilia mpango wa majaribio wa kuwapa wanavijiji fedha, wa shirika la GiveDirectly, katika kaunti za Siaya na Bomet, magharibi ya Kenya, hawana haja ya kufunzwa upya istilahi zake; mkupuo, mafungu, mlengwa na kijiji cha kulinganishia ni maneno waliyokwisha kuyazoea. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye uamuzi mmoja ambao, tangu matokeo yalipotangazwa mwaka 2023, nimeutazama kila upande nisiupatie udhuru. Katika vijiji 295 vilivyoingizwa katika jaribio lile, 100 havikupewa kitu ili viwe kipimo. 44 viliahidiwa fedha ya kila mwezi kwa muda wa miaka 12. 71 vilipewa mkupuo, yaani fedha yote mara moja, dola 500 hivi kwa kila mtu mzima. Na vilivyobaki, navyo ni 80, wingi uliopita kundi lolote jingine la wapokeaji, vilipangiwa shilingi 2,250 hivi za Kenya kila mwezi kwa miaka miwili, kisha mlango ufungwe. Hilo lilikuwa kosa la wazi, na waliolitenda walikuwa na kila sababu ya kulijua kabla shilingi ya kwanza haijatumwa.

Na tuutazame uamuzi huo kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo lipasalo kujulikana juu ya jinsi familia ya shamba inavyoitumia fedha. Thamani ya mafungu yale ya kila mwezi kwa jumla ilikaribiana na thamani ya mkupuo. Kilichotofautiana ni namna ya kuingia. Ujumbe unafika katika simu, mama anakwenda kwa wakala, na kabla hajarudi nyumbani fedha ile imekwisha kuwa na wenyewe: muuza duka aliyekopesha unga na sabuni tangu mwezi uliopita, dawa ya mtoto, daftari la shule, mchango wa msiba wa jirani ambao hakuna mtu mwenye haya awezaye kuukwepa. Hakuna israfu hata moja katika orodha hiyo. Kila senti imekwenda mahali pake pa haki, watoto wamekula vizuri zaidi, na hilo si jambo dogo; lakini mwezi ukiandama tena nyumba ni ile ile, paa ni lile lile la nyasi, na zizi halina kitu, maana vitu vinavyobadilisha daraja ya maisha ya mkulima haviuzwi kwa kipimo cha fungu la mwezi. Nusu ya mabati haizuii mvua. Wala ng'ombe wa maziwa hamngojei mnunuzi miezi kumi huku fedha iliyotengwa kwa ajili yake ikiitwa kila siku na haja iliyo karibu zaidi.

Kisha kuna majira, ambayo aghalabu husahauliwa na wale wanaopanga mambo ya shamba kwa kalenda ya ofisi. Katika Siaya mkulima hupanda mara mbili kwa mwaka, mvua ndefu za kuanzia Machi na mvua fupi za mwisho wa mwaka, na katika kila msimu mbegu, mbolea na ujira wa kulimiwa vinahitajiwa kwa pamoja katika siku chache, naye aliyechelewa hawezi kuzirudisha siku hizo. Miaka miwili ni misimu minne. Katika kila mmoja wa hiyo minne, mwenyeji wa kijiji cha mafungu aliingia shambani na fungu la mwezi mmoja mkononi, ilhali mwenziwe wa kijiji cha mkupuo aliweza kuchagua wakati na kiasi. Basi nani atastaajabu kuwa biashara mpya na mapato yake vilikua zaidi katika vijiji vya mkupuo kuliko katika vile 80? Kwa insafu niseme kwamba waliopata mafungu nyoyo zao zilipata tuo kuliko wenzao wa mkupuo, ambao mtaji mkubwa uliwaletea na shughuli zake. Hilo nalikubali, nami naliweka katika mizani, lakini halitoshi kuiinua.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni kuwa jibu lilikwisha kupatikana, tena katika kaunti ile ile ya Siaya, huko Rarieda. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia zilizopewa fedha huko kuanzia mwaka 2011, nyingine kwa mkupuo na nyingine kiasi kile kile kikigawanywa kwa miezi tisa, wakaona kwamba mafungu yalisaidia chakula nyumbani, na mkupuo ukaenda kwenye mali ya kudumu. Mabati yalipanda juu ya nyumba, na anayejua gharama ya kuezeka nyasi upya kila zinapooza anajua kuwa paa la bati ni rasilmali yenye faida yake, ingawa mgeni aliona pambo tu. Kazi hiyo ilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2016. Jaribio kubwa likaanza baada yake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa vijiji 80 vilihitajiwa ili kuitenga nguvu ya fedha na nguvu ya ahadi, kwa kuwa katika miaka miwili ya mwanzo vilipokea sawasawa na vile 44, tofauti yao ikiwa ni kwamba watu wa vile 80 walijua mwisho u karibu na wa vile 44 walijua u mbali. Hoja hiyo ni ya kweli katika elimu ya vipimo, wala siidharau. Lakini kulitenga jambo hilo kulihitaji kundi. Hakukulazimisha kundi la wapokeaji lililo kubwa kuliko yote liwekwe mahali palipotazamiwa kuwa dhaifu kuliko pote. Kama vile 80 na vile 71 vingebadilishana nafasi tu, elimu isingalipungukiwa na kitu kikubwa, na vijiji tisa zaidi leo vingekuwa na mtaji.

Na ahadi ya miaka 12 ilifanya nini? Hapa ndipo akili ya wenyeji iliposahihisha kasoro ya wapangaji. Watu wa vile vijiji 44, wakijua kwamba fedha haitakatika karibuni, walijiunga katika vyama vya kuchangiana zamu kwa zamu, wakayageuza mafungu kuwa mkupuo kwa mikono yao wenyewe, na matokeo yao katika biashara yakasimama karibu na yale ya waliopewa fedha yote mara moja. Wanawake wa pwani yetu wamefanya hivyo katika upatu tangu zamani zisizo na kumbukumbu za maandishi: kumi wanachanga, mmoja anapokea, na siku ya zamu yake anakwenda kununua cherehani, mlango au mbuzi aliowakusudia. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha. Anayeahidiwa miaka miwili tu hawezi kuingia katika mzunguko mrefu kwa amani, kwa sababu wenziwe watamwuliza atachanga nini fedha itakapokoma.

Nimekwisha kusema katika safu hii, na sitaacha kusema, kwamba nyuma ya mapenzi ya mafungu madogo kuna dhana mbaya juu ya fukara: kwamba akipewa nyingi ataziharibu. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walizikusanya tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini juu ya swali la pombe na tumbaku, wakakuta kwamba kupewa fedha, karibu mahali pote, hakukuongeza matumizi hayo. Hata hivyo kila mkutano wa hawala za fedha huanza na swali la pombe, na anayeliuliza aghalabu amekwisha kupokea posho yake ya siku kwa mkupuo.

Kwetu Tanzania, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uliozinduliwa mwaka 2012, uliweka ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyongeza za watoto, shule na kliniki zilizofikisha upeo wa shilingi 38,000, malipo yakitoka kila baada ya miezi miwili. Majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yaliyotangulia, ambayo malipo yake yalianza mwaka 2010, yalionyesha kaya zikiingia katika mfuko wa afya ya jamii, zikiwavisha watoto viatu, na zikinunua kuku na mbuzi. Nazisifu kaya hizo kwa dhati. Lakini mchambuzi halisi hana budi kuuliza kwa nini kuku na mbuzi, na jibu lake ni kwamba hao ndio mifugo ambao malipo ya miezi miwili yanaweza kuwafikia. Kiasi cha fedha kilichagua mnyama kabla mlengwa hajachagua.

Wazee wa ushirika waliielewa tadbiri hii ya kutoa fedha kubwa kwa wakati wake bila jaribio lolote. Paul Bomani na wenzake katika Usukuma walianza kwa kudai mizani ya haki kwa mkulima wa pamba, wakafika kuunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, na fedha ile ya pamba ilipotoka ilitoka kwa msimu, kubwa na kwa wakati unaojulikana, kiasi cha mtu kununua jembe la kukokotwa na ng'ombe, au ndama wa kuongeza katika zizi. Kadhalika Wachagga wa chama cha ushirika cha KNCU, tangu mwaka 1933, walijenga na kusomesha kwa fedha ya kahawa. Najua kuwa ile ilikuwa bei ya jasho na hii ni hisani; lakini mkono unaopokea una akili ile ile, na sijaona katika wataalamu wa leo mtu aliyeyatazama majira ya mkulima kwa heshima kama waliyokuwa nayo wazee wale.

Hata hivyo mengine katika kazi ile ya Siaya yalifanywa vyema: fedha ilikwenda kwa kila mtu mzima kwa jina lake, kwa simu, bila masharti na bila dalali, na katika jaribio la kabla yake, la dola 1,000 kwa kaya zenye paa la nyasi, kila dola iliupa uchumi wa mahali pale takriban dola mbili na nusu, bei za vitu zikipanda kwa sehemu ndogo sana ya moja katika mia.

Lililobaki ni kumwuliza mlengwa mwenyewe. Katika shamba la chai huko Malawi, wafanyakazi walipewa hiari ya kuacha sehemu ya ujira wao ikusanyike miezi mitatu, kisha waipokee kwa pamoja, bila riba yoyote. Nusu yao hivi waliikubali, na miaka miwili baadaye nyumba za waliopewa hiari hiyo zilikuwa bora kuliko za wasiopewa. Utafiti huo ulitoka mwaka 2021. Fomu ya kumsajili mlengwa wa TASAF ina maswali juu ya paa lake, choo chake na idadi ya milo yake. Swali moja likiongezwa, la kama angependa malipo yake ya mwaka yaje kwa mafungu au kwa mkupuo, na katika mwezi gani, litajibiwa na kila mama katika kijiji kabla karani hajamaliza kuliandika.